Risiva au Amplifaya? Mwongozo wa Sebule ya Filamu na Muziki Mombasa

Swali ninaloulizwa zaidi na jamaa wanaotaka kununua mashine ya sauti ni hili: "Nichukue risiva ya sinema au amplifaya ya muziki?" Risiva hufasiri sauti ya filamu na kuendesha spika nyingi kuzunguka chumba; amplifaya ya stereo huendesha mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Sebule ni moja, kochi ni moja, na pesa ni zile zile. Watoto wanataka filamu inayozunguka chumba kizima, na mwenye nyumba anataka jioni akae asikie udi na tashkota kana kwamba wapigaji wako mbele yake. Nimesaidia kupanga sebule kadhaa za namna hii, kuanzia nyumba ya mawe ya Mji wa Kale hadi fleti za Bamburi, na jibu langu halijabadilika. Spika mbili za mbele ndizo nyumba, nyingine zote ni baraza. Tafuta kwanza mashine itakayozihudumia hizo mbili vizuri, kisha ndipo uulize sauti za nyuma na za juu zitatoka wapi.

Haya ninayoandika ni kwa mtu anayenunua kwa pesa yake, pengine kwa awamu, na ambaye hataki kununua mara mbili.

Hatua ya 1: Andika unasikiliza nini kwa wiki moja

Kabla ya kwenda dukani, bandika karatasi kando ya televisheni. Kila siku andika saa za muziki, saa za filamu, na saa za mpira na habari. Shemeji yangu alikuwa na hakika kwamba yeye ni mtu wa filamu. Wiki ilipoisha karatasi yake ilikuwa na saa 3 za filamu na saa 11 za kaswida na taarabu. Zilizobaki zote zilikuwa mpira. Mpira na habari havidai kitu ila maneno yasikike wazi, kwa hiyo usivihesabu upande wowote. Linganisha muziki na filamu tu. Karatasi hiyo itakuongoza ukifika hatua ya 5.

Hatua ya 2: Sikiliza chumba chako kabla ya mashine

Simama katikati ya sebule, funga madirisha, piga kofi moja kali. Katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, yenye kuta nene, boriti juu, mikeka na makochi mazito, kofi huzama haraka. Katika fleti mpya ya zege yenye vigae sakafuni na ukuta mtupu, utasikia mlio mwembamba ukirukaruka kati ya kuta. Mlio huo ndio utakaofanya mazungumzo ya filamu yasieleweke na sauti ya mwimbaji iwe kali masikioni, na hakuna amplifaya itakayouondoa. Zulia kubwa mbele ya spika, pazia zito upande wa vioo, na kabati la vitabu nyuma ya kochi vitakusaidia zaidi ya kuongeza shilingi 30,000 kwenye mashine. Nasema hivyo kwa uhakika, maana nimeona watu wakibadilisha amplifaya mara mbili kwa tatizo la vigae.

Jambo la pili ni panka. Hapa kwetu, hasa miezi ya kaskazi, panka haizimwi na madirisha hayafungwi. Panka ikikaza mwendo hufunika zile sauti ndogondogo, nawe utajikuta unaongeza sauti ili uzisikie. Lizingatie hilo utakapopima, lakini usilitumie kama sababu ya kununua mashine ya wati 500. Jirani naye yuko umbali wa mkono ng'ambo ya kichochoro.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya wati

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa hiyo twende polepole.

Tuchukue sebule ya mita 4 kwa 5, kochi likiwa mita 3 kutoka kwenye spika. Kila spika nzuri huja na namba inayoeleza inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi ukiilisha wati 1 na ukaipima mita 1 mbele yake. Spika nyingi za kukaa rafuni huwa karibu na 87. Sauti hupungua kadiri unavyorudi nyuma. Uwanjani, mita 3 zingekula karibu desibeli 10, lakini ndani ya chumba kuta hurudisha sehemu ya sauti, basi tuseme zinaliwa 7. Spika ni mbili, zinarudisha 3. Hivyo 87 toa 7 ongeza 3: wati 1 tu kwa kila spika inakupa kama desibeli 83 pale kwenye kochi.

Kusikiliza kwa raha huwa kati ya desibeli 70 na 75. Maana yake ni kwamba muda mwingi amplifaya yako inatumia chini ya wati 1. Kinachodai nguvu ni vile vishindo vya ghafla, dumbaki ikipigwa kwa nguvu au besi ikiingia, ambavyo vinaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani. Hapo unahitaji 95. Kila desibeli 3 unazoongeza hudai wati mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16. Ngazi nne ni desibeli 12, na 83 na 12 ni 95. Wati 16 zimetosha kwa muziki. Ukinunua amplifaya ya kweli ya wati 50 una akiba ya kutosha.

Filamu ni kali zaidi. Kipimo cha kumbi za sinema kinaruhusu vishindo vya desibeli 105 kutoka kwa kila spika kuu. Kwa spika yetu, kufikisha hivyo kwenye kochi kungedai zaidi ya wati 300. Lakini hakuna anayesikiliza hivyo sebuleni huku mtoto mchanga amelala chumba cha pili. Ukishuka desibeli 10 tu, ambayo bado ni sauti kubwa, hitaji linarudi kama wati 30.

Kwa hesabu hiyo, kutoka wati 100 kwenda 200 ni kununua desibeli 3, tofauti ndogo ambayo pengine hutaiona bila kuambiwa. Lakini kutoka spika ya desibeli 84 kwenda ya 90 ni sawa na kuzidisha nguvu mara nne bila kugusa amplifaya. Kama bado hujanunua spika, anzia hapo.

Kuna namba moja zaidi nyuma ya spika: omu, kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Ikiwa ni 8, karibu kila mashine itaiendesha. Ikiwa ni 4, inavuta mkondo mara mbili, na risiva nyingi za bei ya chini huchemka au hujizima katikati ya filamu. Angalia nyuma ya risiva wanaposema inakubali omu ngapi kwenda juu, na uliheshimu andiko hilo.

Hatua ya 4: Soma namba za kwenye boksi kwa jicho kali

Ukiona PMPO, iache ilipo. Ni namba ya kupamba boksi, haina kipimo kinachokubaliwa na watu wa fani. Tafuta RMS, nguvu ambayo mashine inaihimili mfululizo, kisha usome maneno yanayofuata, maana ndimo ukweli ulimo. Andiko zuri husema hivi: wati 80 kwa chaneli (njia ya spika moja), omu 8, kutoka 20 Hz hadi 20 kHz (toka besi nzito hadi sauti nyembamba kabisa), chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, upotoshaji chini ya asilimia 0.1. Andiko la kutilia shaka husema: wati 165, omu 6, 1 kHz, chaneli moja, upotoshaji asilimia 10. Mashine hiyo ya pili inaweza kuwa dhaifu kuliko ya kwanza. Asilimia 10 ya upotoshaji ni sauti iliyokwisha kupasuka.

Na hata kwenye andiko zuri la risiva, ile "chaneli mbili" ina maana yake. Risiva ya chaneli 7 ina transfoma moja inayolisha zote saba. Zikidai kwa pamoja, kila moja hupata kidogo kuliko kilichoandikwa. Si udanganyifu, filamu haidai zote kwa nguvu wakati mmoja, lakini inaonyesha kwa nini amplifaya ya stereo ya wati 60 yenye transfoma nzito inaweza kuziendesha spika za mbele kwa utulivu kuliko risiva ya wati 100. Ukiwa dukani, inua mashine zote mbili. Kama ni za muundo wa kawaida, AB, uzito wa transfoma na bamba za kupoza utakuambia mengi. Amplifaya za aina ya D ni nyepesi kwa asili yake na hazichemki sana, hizo usizihukumu kwa uzito.

Hatua ya 5: Chagua njia yako

Njia ziko tatu, na karatasi ya wiki ndiyo itakayokuchagulia.

Kama filamu zinazidi muziki, chukua risiva peke yake. Chaneli 5 au 7 zinatosha sebule yoyote niliyowahi kuingia. Usifukuzie 11, maana pesa ile ile imegawanywa kwenye vipande vingi zaidi. Sharti langu moja ni kwamba nyuma iwe na matundu yaliyoandikwa PRE OUT, yanayotoa sauti kabla haijakuzwa, angalau ya spika za mbele. Kupitia matundu hayo, siku ukitaka kuongeza amplifaya, hutalazimika kuuza risiva.

Kama muziki na filamu vinakaribiana, au muziki unazidi kidogo, weka risiva na amplifaya ya stereo zifanye kazi pamoja. Hii ndiyo njia ninayoipenda, na ndiyo iliyoko nyumbani kwangu. Spika za mbele zinafungwa kwenye amplifaya ya stereo. Spika ya kati na za nyuma zinabaki kwenye risiva. Kutoka PRE OUT ya kushoto na kulia ya risiva unapeleka nyaya mbili za RCA, zile za kawaida zenye vichwa vya duara, hadi kwenye amplifaya, kwenye tundu lililoandikwa HT BYPASS au MAIN IN. Tundu hilo linaruka kitufe cha sauti cha amplifaya, kwa hiyo wakati wa filamu risiva ndiyo inayotawala sauti ya spika zote kwa pamoja. Ukitaka muziki, risiva unaizima kabisa. Simu, santuri au kaseti imechomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya, na sauti haipiti kwenye kompyuta yoyote ya sinema. Faida nyingine ni kwamba risiva imetuliwa mzigo mkubwa wa mbele, kwa hiyo nguvu iliyobaki inaifaa spika ya kati, ambayo ndiyo inayobeba mazungumzo.

Amplifaya nyingi za zamani hazina tundu hilo la kuruka. Bado inawezekana. Chomeka kwenye tundu la kawaida la AUX, geuza kitufe cha sauti hadi mahali fulani, tuseme kielekee juu kabisa kama mshale wa saa sita, weka alama ya tone la rangi ya kucha, na upime mfumo wote kitufe kikiwa hapo. Kila ukitazama filamu kirudi kwenye alama. Hatari yake ni kusahau. Mtu akimaliza filamu, akageuza kwenda kwenye santuri huku kitufe kiko juu, sauti itapasuka chumbani na pengine spika itaumia. Kwa nyumba yenye watoto ningelipa zaidi nipate yenye HT BYPASS.

Tahadhari ambayo haina mjadala: spika moja isifungwe kwenye amplifaya mbili kwa wakati mmoja, hata kama moja imezimwa. Ile inayowaka itapeleka umeme ndani ya ile nyingine.

Kama muziki unazidi sana na chumba ni kidogo, chukua amplifaya ya stereo yenye HDMI ARC (njia ya kurudisha sauti ya televisheni kwa waya wa HDMI), spika mbili nzuri, na wufa moja ukipenda. ARC imekuwepo tangu mwaka 2009, hivyo televisheni yako huenda inayo. Angalia tundu la HDMI lililoandikwa hivyo. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni uchague PCM, sauti isiyofumbwa, maana amplifaya nyingi za stereo hazifasiri Dolby, sauti ya filamu iliyofumbwa, na usipobadilisha zitanyamaza kimya. Ukikaa katikati, maneno ya filamu yatasikika yakitoka katikati ya skrini ingawa hapo hapana spika. Ila anayekaa pembeni atasikia maneno yakihamia kwenye spika iliyo karibu naye. Familia ya watu saba waliotawanyika kwenye makochi hadi mlangoni inahitaji spika ya kati, basi irudi njia ya kwanza au ya pili.

Kabla hujaamua, fikiria rimoti. Nilimfungia ami yangu wa Kizingo mfumo wa njia ya pili, nikaona nimemaliza kazi. Nikamwuliza, "Ami, waonaje?" Akanijibu, "Sauti nzuri, mwanangu. Lakini rimoti hizi nne nitazikumbuka vipi mimi na mamako mdogo?" Alikuwa na haki. Nilirudi siku ya pili nikawasha mawasiliano ya CEC (yanayoziwezesha mashine kuamrishana kwa waya wa HDMI) kwenye televisheni na risiva, nikachagua amplifaya ijiwashe kwa ishara ya risiva, na dekoda ikabaki kwenye HDMI. Sasa anatumia rimoti ya televisheni peke yake, na adhana ikianza anabonyeza kitufe kimoja sebule nzima ikanyamaza. Uliza dukani kama mashine inakubali mambo hayo kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Ukinunua mtumba

Mashine nyingi nzuri zinazofika Mombasa ni zilizotumika, kutoka Uingereza, Dubai au Japani, na kwa bei yake hakuna mpya inayoshindana nazo. Ila zinataka ukaguzi.

Anza na kibao cha nyuma. Umeme wetu ni volti 240, 50 Hz. Mashine ya Uingereza na ya Dubai itakubali bila matatizo. Ya Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120. Miaka kadhaa nyuma nilinunua amplifaya ya Kijapani kwa muuzaji ambaye alikuwa ameibadilisha plagi, akaweka ya pini tatu kama zetu. Nikaiamini plagi. Nilipoichomeka nyumbani ilinguruma kwa pumzi moja, ikatoa harufu ya vanishi iliyoungua, kisha kimya. Transfoma ilikuwa imekwisha. Kibao nyuma, kwa herufi ndogo chini ya vumbi, kilikuwa kimeandikwa 100 V muda wote. Tangu siku hiyo natembea na kitambaa na tochi ya simu, na sichomeki kitu kabla ya kukisoma.

Mashine ya volti 100 si haramu, lakini ihesabie bei ya transfoma ya kushushia umeme. Ichukue yenye uwezo angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibao, na hakikisha kibao kinataja 50 Hz, siyo 60 peke yake, maana transfoma iliyotengenezwa kwa 60 tu huchemka zaidi kwenye umeme wetu.

Nenda dukani na waya wako wa kuunganisha simu, na wimbo unaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Mimi hubeba rekodi ya zamani ya taarabu iliyorekodiwa kwa mono. Katika mono, kushoto na kulia hupewa kitu kile kile, kwa hiyo mwimbaji lazima asikike amesimama katikati kabisa ya spika mbili. Omba nafasi, kaa katikati, na ufanye hivi.

Washa. Baada ya sekunde chache utasikia "tak" ndogo ndani. Hiyo ni relei ikifungulia spika njia baada ya kujihakikishia kuwa hali ni salama. Isiposikika, au ikija na kuondoka, acha. Kisha cheza wimbo kwa sauti ya chini sana, ile ya usiku. Upande mmoja ukipotea, au mwimbaji akahama kutoka katikati, ongeza sauti ghafla kidogo. Ukirudi wenyewe, uso wa relei umeshika kutu, ugonjwa wa kawaida wa hewa ya chumvi, na fundi mzuri anaubadilisha kwa gharama ndogo. Tumia hilo kuombea bei. Geuza kitufe cha sauti taratibu. Mkwaruzo mwepesi ni vumbi, dawa ya kusafishia itauondoa. Mkwaruzo unaokatakata sauti ni kitufe kilichochoka.

Sasa iache icheze nusu saa, kanywe kahawa, urudi. Weka kiganja juu ya mashine. Joto la kustahimilika ni sawa, lakini upande mmoja ukiwa moto kuliko mwingine kuna jambo.

Kwa risiva ongeza mawili. Jaribu kila tundu la HDMI, moja moja, maana bodi ya HDMI ndiyo hufa kwanza na kuitengeneza ni ghali. Na uulize ile maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Mara nyingi imepotea njiani, na ya kampuni nyingine haitapima sawasawa. Usiogope risiva ya zamani isiyopitisha picha ya 4K. Chomeka kila kitu kwenye televisheni, kisha rudisha sauti kwa ARC au kwa waya wa mwanga (optical). Waya wa mwanga hubeba stereo na Dolby Digital ya chaneli 5.1, na kwa sebule nyingi hiyo inatosha.

Hatua ya 7: Nyaya, na ule mvumo

Waya wa spika usikufilisi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa kufungia soketi za nyumba lakini wenye nyuzi nyingi laini, ukienda mita 10 una ukinzani wa karibu omu 0.14 kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni kidogo mno. Kabla ya kununua, kwangua ncha kwa kisu. Ikibaki nyekundu ni shaba. Ikitokea nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na pwani hiyo huoza haraka. Angalia sana kwamba chanya inakwenda chanya pande zote mbili. Ukikosea upande mmoja besi itapotea na yule mwimbaji wa mono hatakuwa na mahali pa kusimama.

Ukiunganisha risiva na amplifaya, unaweza kusikia mvumo wa "mmm" usiobadilika. Mara nyingi unatoka kwenye waya wa dishi. Uchomoe nyuma ya dekoda usikilize. Mvumo ukikatika umempata mwizi. Chomeka mashine zote kwenye ekstensheni moja, soketi moja. Ukibaki, unganisha dekoda kwa waya wa mwanga badala ya wa shaba, kwani mwanga haupitishi umeme wa mvumo. Usikate pini ya ardhi ya plagi, hata ukiambiwa na fundi kwamba inafanya kazi. Pini hiyo ndiyo inayokulinda siku bodi ikigusana na chuma.

Hatua ya 8: Kupima na kusikiliza

Siku ya kupima zima panka, funga madirisha, peleka watoto nje. Weka ile maikrofoni ya risiva ya kupimia chumba mahali pa masikio yako ukiwa umekaa, juu ya stendi na siyo juu ya mto wa kochi. Pima sehemu zaidi ya moja kama risiva inakuruhusu. Ikimaliza, ingia kwenye mipangilio. Kama una wufa, spika za rafuni ziwe SMALL na mpaka wa besi 80 Hz, hata kama mashine imezipa LARGE. Neno hilo halihusu ukubwa wa spika. Ni kuamua nani atabeba besi nzito, na wufa iliumbiwa kazi hiyo.

Wufa kwenye njia ya pili huleta swali: wakati wa muziki risiva imezimwa, nani atailisha? Tafuta wufa yenye matundu ya aina mbili. RCA inatoka kwenye risiva kwa filamu, na nyaya za spika zinatoka kwenye amplifaya kwa muziki. Au iache ilale wakati wa muziki. Kwa udi na sauti ya mtu, spika nzuri za mbele hazitaikumbuka.

Hatua ya 9: Pwani na mashine yako

Chumvi ya bahari hukaa juu ya kila chuma. Kila miezi mitatu chomoa vichwa vya RCA, pangusa kwa kitambaa kikavu, virudishe kwa kuvizungusha kidogo. Mashine isikae kabatini imefungiwa. Iache angalau sentimita 10 za hewa juu yake, na amplifaya isibebeshwe risiva mgongoni. Iwashe kila wiki hata kama husikilizi, maana ikikaa kimya muda mrefu relei na vitufe hushika kutu mapema.

Matundu ya kupumulia pia huita mijusi. Wanapenda joto la transfoma usiku, na mmoja akigusa sehemu mbili za umeme amekufa yeye na mashine yako. Wavu mwembamba wa dirisha uliobandikwa nyuma ya rafu, mbali na mashine ili hewa isizibwe, umenisaidia sana.

Umeme ukipotea, chomoa. Unaporudi mara nyingi huja kwa kishindo, basi weka kile kifaa cha kulinda kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha. Wakati wa masika, mvua ikija na radi, chomoa plagi na waya wa dishi pia, kwani radi hupita kote kuwili.

Baada ya mwezi wa kwanza, rudi nyuma ya mashine na bisibisi na tochi, ukaze upya kila ncha ya waya wa spika. Shaba laini hulegea ikishabanwa, na mara nyingi utapata moja au mbili zinazozunguka kwa kidole.